Uchafu wa Treni ya Gadi

Karakana ya mjomba iko kando ya barabara itokayo Wamunyu kuelekea Muthetheni. Ni paa la mabati lililosimama juu ya nguzo, halina kuta. Wanaume huketi upande wa barabara wakichonga kwa tezo, wanawake huketi upande wa nyuma wakipiga msasa na kupaka nta. Mimi niliingia hapo nilipomaliza darasa la nane. Karo ya sekondari haikupatikana, na mjomba, kaka yake mama, akasema palikuwa na nafasi ya mtu wa kuchonga miguu ya twiga. Nikachonga miguu ya twiga kwa miaka minne.

Karakana ilikuwa na desturi mbili ambazo hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Ya kwanza ni kwamba kinyago hutoka katika mti mmoja. Mguu ukivunjika, twiga huyo anakuwa kuni. Hapakwi gundi, hapigiliwi msumari. Mjomba aliwahi kumfukuza mtu aliyeziba ufa kwa gundi na unga wa mbao. Ya pili ni kwamba kitu hakitoki pale bila kung'aa. Wanawake walisugua kwa msasa wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha nta na rangi ya viatu, kisha kitambaa, mpaka twiga akaonekana kama aliyenyeshewa. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mnene kutoka Katangi. Sisi vijana tulimwita Mama wa Msasa, hata mbele yake.

Sikuwa mtu wa maneno. Mteja akisimama nilihamia nyuma ya rundo la magogo, na mjomba hakunizuia kwa sababu wateja walinunua vizuri zaidi bila mimi.

Saa ya chakula nilichonga mabehewa. Nilipokuwa mdogo niliishi kwa susu, mama yake mama, karibu na Ulu, na boma lake lilitazama reli ya zamani. Treni za mizigo zilipita polepole kwa sababu ya kupanda mlima, kwa hiyo mtoto alipata muda wa kuangalia behewa moja moja. Vipande vya mjakaranda vilivyokatwa chini ya tumbo la twiga vilikuwa na ukubwa unaofaa. Nilikuwa nimechonga mabehewa sita au saba na kuyapanga juu ya boriti. Hakuna aliyeyajali.

Siku moja akaja mzee mmoja na pikapu kuukuu. Alikuwa mrefu, na goti lake moja halikukunjika sawasawa. Alitaka fimbo. Alijaribu tano, akiegemea kila moja kwa uzito wake wote kama mtu anayetaka ivunjike, kisha akainua macho kwenye boriti.

"Hii behewa ya ng'ombe ni ya nani?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Ni ya yule bubu nyuma ya magogo. Wewe! Toka, umeitwa!"

Nikatoka.

"Umewahi kufanya kazi reli?" mzee akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Basi nani alikuambia mbao za kando zinaachana hivi?"

"Niliziona."

"Wapi?"

"Ulu."

"Aiya," akasema. "Labda ulikuwa mmoja wa wale watoto walikuwa wakinirushia mawe."

Alikuwa gadi. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia katika behewa la mwisho la treni za mizigo, lile la mlinzi, lenye breki ya mkono na bendera na taa. Alitueleza, tezo zikiwa zimenyamaza, kwamba dereva huona reli lakini gadi huona treni. Sasa alikuwa amestaafu na kujenga Ulu. Akasema anataka treni ya mabehewa saba na injini yake, pamoja na stesheni ya Ulu, mlima wake na miti yake, yote juu ya ubao mmoja atakaouweka sebuleni palipokuwa televisheni.

"Na televisheni, mzee?" mjomba akauliza.

"Nimepatia wajukuu. Mimi nishaona habari za kutosha."

Mzee alipoondoka mjomba aliniita kando. Mwezi ule ndugu yangu mkubwa alikuwa kwenye mjengo wa magorofa huko Athi River, na msimamizi wake alikuwa amemwachia nafasi ya mtu wa kupandisha ndoo za zege. Mama alitaka niende. Twiga hawakuwa wakitoka kama zamani na karakana ilikuwa na mikono mingi.

"Sikufukuzi," mjomba akasema. "Lakini miguu ya twiga siku hizi hata mashine inachonga. Tengeneza hiyo treni. Mzee akiichukua, utabaki na meza yako hapa. Ikirudi, unaenda na ndugu yako."

Huo mjengo niliuona mara moja. Nilitumwa kumpelekea ndugu yangu kitambulisho. Watu wa chini walipiga kelele kwa watu wa juu, na wa juu wakajibu kwa kelele, na asiyepiga kelele alimwagiwa zege. Nilisimama langoni karibu saa nzima nikimwita ndugu yangu kwa sauti niliyokuwa nayo. Mwishowe mama mwenye kibanda cha chai aliniitia.

Kwa hiyo nilianza treni kesho yake.

Nilichagua gogo refu la mjakaranda lisilo na ufa. Nikachonga treni yote humo: injini, mabehewa saba, magurudumu, hata reli chini yake, bila kukata mahali. Ilichukua wiki mbili. Wanaume wazima walikuja kupitisha vidole kati ya gurudumu na gurudumu, na mjomba aliigeuza akitafuta kiungo, asikipate. Wanawake wakaipiga msasa, wakaipaka nta. Sijawahi kuchonga kitu kigumu kuliko kile.

Mzee alikuja kuangalia kazi ilipofikia. Tuliiweka mbele yake juu ya kigoda. Akaizunguka, akivuta lile goti.

"Hii ni mkate," akasema.

Akaigonga kwa kidole.

"Nani amewaambia treni ni kitu kimoja? Nileteeni viti. Vile vya miguu mitatu. Na kamba."

Akaletewa vigoda vinne. Akavifunga kimoja nyuma ya kingine, akiacha kamba ilegee kati ya kigoda na kigoda. Kisha akashika cha mbele na kuvuta. Cha kwanza kikatoka, kamba ikakaza, cha pili kikatoka, kisha cha tatu, kisha cha nne. Ko, ko, ko, ko, juu ya sakafu.

"Mmesikia? Injini haivuti mabehewa saba. Inavuta moja, halafu moja, halafu moja. Ukikaza yote pamoja haitoki Ulu mpaka leo. Huo ulegevu ndio treni. Mimi nyuma kabisa nilikuwa naisikia ikikuja kama mtu anagonga milango kwa nyumba ndefu, na nikajishikilia, kwa sababu mlango wa mwisho ni mimi."

Mmoja wa wachongaji akasema, "Sasa mzee, vigoda vyetu vimefika Konza?"

"Vitafika vikiwacha kuchongwa na watu wa mikate."

Wakacheka sana. Mama wa Msasa alicheka mpaka akaweka kitambaa machoni. Mzee hakucheka. Alichukua ile treni ya gogo moja na kuipeleka kwenye mwanga.

"Na inang'aa kama kiatu cha askari. Kijana, behewa ya simiti uliiona iking'aa wapi?"

Akaniambia nifike kwake Jumamosi.

Jambo la kwanza lilikuwa la mjomba kuamua. Mabehewa yaliyoachana yalihitaji ekseli, kulabu, misumari na gundi.

"Misumari," mjomba akasema. "Katika karakana ya baba yangu."

"Midogo," nikasema.

"Hata kama ni midogo." Kisha akasema nifanyie kazi hiyo upande wa nyuma, wapita njia wasione.

Jumamosi nilienda Ulu. Mzee alinipeleka kwa miguu hadi kwenye njia ya pembeni ambako mabehewa machache mabovu yalikuwa yameachwa. Nyasi zilikuwa zimefika kwenye magurudumu na mbuzi walilala kivulini chini yake. Alinionyesha kwa fimbo kama mwalimu.

Behewa la simiti lina weupe chini ya mlango tu, si kila mahali, kwa maana gunia huraruka linapoburutwa kizingitini. Behewa la magadi, lililokuja kwa ile reli inayoungana Konza, huliwa na kutu kutoka ndani. Rangi huvimba kwanza kama ngozi iliyoungua. Tangi la mafuta lina mfereji mweusi upande mmoja, upande anaosimama mjazaji. Behewa la ng'ombe lina madoa chini ya mbao, na juu, mahali pembe zinaposugua, mbao zimelainika. Yote yana vumbi, lakini vumbi la mbele ya treni ni masizi na la nyuma ni udongo mwekundu.

"Udongo wote unaoamshwa na treni unakuja kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa gadi."

"Kwa gadi. Bibi yangu alikuwa anajua nimetoka wapi kwa rangi ya shati. Nyekundu, Voi. Nyeupe, Athi River. Sasa angalia hapa."

Tulikuwa tumefika kwenye behewa la mlinzi. Lilikuwa limeoza, limebaki fremu na ngazi. Kando ya ngazi palikuwa na kishikio cha chuma, na sehemu yake ya katikati, upana wa kiganja, ilikuwa bado laini na nyeusi ilhali kwingine kote kulikuwa na kutu.

"Hapo tu ndipo panang'aa katika treni nzima," akasema. "Hapo tu. Na si nta."

Niliporudi nilianza upya. Kila behewa nililichonga peke yake. Ekseli zilikuwa spoki za baiskeli zilizokatwa, kulabu ni waya wa kufungia nyavu za kuku, na nilipima ulegevu kwa unene wa njiti ya kiberiti. Mabehewa yalipokamilika nikaanza kuyachafua.

Mtu aliyelelewa katika kuchonga haoni hilo kuwa kazi rahisi. Mkono unakataa. Nililaza waya wa kusugulia sufuria ndani ya siki kwa wiki moja, maji yake yakawa dawa ya kutu, na tone la kwanza nililotia juu ya mbao iliyolainishwa nililifuta mara moja bila kukusudia. La pili nililiacha. Nilichekecha majivu kwa kitambaa cha kichwa kwa ajili ya simiti. Nilitoa masizi chini ya sufuria ya githeri. Udongo mwekundu niliutwanga kwa kinu kidogo cha viungo, nikaupuliza kwa mrija wa kalamu juu ya gundi mbichi, mwingi zaidi behewa la mwisho. Kishikio cha gadi nilikifanya kwa waya, nikakitia kutu chote, kisha nikakisugua katikati kwa kidole kimoja kila nilipopita, siku nyingi, mpaka pakalainika. Sikutaka kutumia msasa.

Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa zamani wa ghala la mjomba. Mlima niliuinua kwa karatasi zilizofinyangwa na juu yake gunia lililolowekwa katika uji wa unga wa ngano. Lilipokauka lililia kama boga likigongwa. Mataruma, zile mbao zinazolala chini ya reli, nilichonga mia mbili na zaidi, na kokoto za reli zilikuwa mchanga wa mtoni uliochekechwa mara mbili. Kwa miti ya migunga nilitumia vijiti vyenye miiba, nikavipaka gundi na kuvibiringisha katika majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa na kukauka. Nyasi zilinishinda. Mama wa Msasa, ambaye jioni alisuka viondo, aliniona nikijaribu nywele za ufagio.

"Hizo ni nyasi ama ni ndevu za mbuzi?" akauliza. Kesho yake akaniletea nyuzi za mkonge zilizobaki, nyingine za rangi yake, nyingine alizozipaka kahawia mwenyewe. Zilifaa. Akawa anapita kila asubuhi kuangalia mlima, akisema nyasi zake zinaota vizuri kuliko mahindi yake.

Kazi ilikwisha siku ya Jumatano. Mzee alikuwa aje Alhamisi saa nne. Ndugu yangu alikuwa amesema atapita Jumapili, tayari kunichukua.

Alhamisi asubuhi niliona kuwa mti mmoja karibu na stesheni umeinama, nikaenda kutafuta kijiti kingine ng'ambo ya bwawa la mchanga. Sikukaa muda mrefu. Nilipokuwa nikirudi niliwasikia wanawake wakiimba, kama walivyofanya wakiwa na kazi nyingi ya kumaliza.

Walikuwa wameketi wanne kuuzunguka ubao. Kila mmoja alikuwa na behewa mapajani. Mjomba alikuwa amewaambia asubuhi hiyo, kama alivyowaambia kila asubuhi, kwamba kitu cha mteja anayekuja leo kimaliziwe. Walikuwa wameona mabehewa yakiwa na majivu na kutu na masizi, wakajua kwamba kijana amechoka, hajapata muda wa kusafisha. Wakaamua kunisaidia. Walipiga msasa wa tatu peke yake, kwa uangalifu, wasivunje kulabu. Wakapaka nta. Tangi la mafuta lilikuwa limegeuka rangi ya asali.

"Kijana wangu," Mama wa Msasa akasema, "tumekuokolea aibu. Ulikuwa unataka mzee aione hivyo?"

Alikuwa na behewa la gadi. Alikuwa amekisugua kishikio chote, toka juu hadi chini.

Nilisimama na kijiti changu. Nilikumbuka kwamba nilikuwa na majivu yaliyobaki kwenye mkebe, nikaanza kuhesabu ni dakika ngapi hadi saa nne, nikaona hazitoshi hata behewa moja. Niliuweka mti mahali pake, kwa sababu gundi ilikuwa tayari.

Mzee alifika kabla ya saa nne. Wanawake walisimama kando wakiwa na vitambaa mikononi, na wachongaji wakaacha kazi. Aliuangalia mlima kwanza, akaangalia stesheni, akainama karibu na nyasi. Kisha akaangalia treni.

"Nani ameosha treni yangu?"

"Ni sisi, mzee," Mama wa Msasa akasema kwa furaha. "Ilikuwa imejaa takataka."

Mzee alikunja midomo. Akaliinua behewa la gadi, akaligeuza, akalirudisha.

"Hii siichukui," akasema.

Mjomba alikuwa amesimama karibu na nguzo. Hakuniangalia mimi. Alisema polepole, "Basi imerudi," na nikajua alikuwa akizungumza nami.

Mzee ndiye aliyenigeukia. "Ulikuwa umeipaka nini?"

Nilifungua mdomo. Sauti ya kwanza haikutoka. Mchongaji mmoja akacheka kidogo, mwingine akamgusa anyamaze.

"Ya simiti ilikuwa majivu," nikasema. "Chini ya mlango. Upande wa kushoto zaidi, kwa sababu mlango wake unafunguka kwenda kulia na gunia linaburutwa kwa ile kona."

"Ya magadi?"

"Siki na kutu. Nilipaka rangi kwanza, halafu nikaweka chumvi chini ya rangi ivimbe. Ilivimba mahali pawili. Nilitaka patatu."

"Endelea."

Nikaendelea. Nilisema mfereji wa tangi, na kwamba niliuchora kwa masizi na mafuta ya taa ili uwe na ukingo uliofifia. Nilisema pembe za ng'ombe, jinsi nilivyolainisha mbao ya tatu kutoka chini na si ya nne, kwa kuwa ng'ombe wetu si warefu. Nilisema masizi ya mbele na udongo wa nyuma na mahali vilipokutana, behewa la nne. Nilisema idadi ya siku nilizosugua kishikio kwa kidole. Nafikiri nilizungumza kwa muda mrefu, kwa maana chai iliyokuwa imemiminwa ilipoa. Nilipomaliza nilikuwa nikiangalia viatu vya mzee.

Mama wa Msasa aliketi juu ya gogo. "Aiya," akasema. "Kumbe tulikuwa tunafuta kazi."

"Lakini wewe!" mwingine akanigombeza. "Si ungesema? Uko na mdomo hapo, umewekewa wa nini?"

Mzee akaniuliza, "Kile umesema, unaweza kukirudisha?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Jumapili nikitoka kanisani nitapitia hapa." Kisha akamwambia mjomba, "Na mtu asimsaidie."

Mjomba alikuna kidevu. Mama wa Msasa alimwambia bila kusimama, "Wewe umesema imerudi. Sawa. Lakini wa kwenda kubeba zege ni sisi wanne, kwa sababu ni sisi tuliirudisha. Tutafutie magambuti ya kuvaa huko."

"Nimesema kitu?" mjomba akauliza. "Jumapili tutaona."

Amri ya kutosaidiwa haikufuatwa. Ijumaa asubuhi nilikuta mikebe mitatu mezani kwangu. Mmoja alikuwa ameleta masizi ya jikoni kwake, mwingine majivu ya magunzi aliyosema ni meupe kuliko yangu. Mama wa Msasa alileta udongo wa Katangi ndani ya karatasi ya sukari. Alibishana na wenzake kwamba wa Mwala ni mwekundu wa kudanganya, ukikauka unageuka kijivu. Wanawake ambao kazi yao ni kuondoa vumbi walishindana siku nzima nani ana vumbi bora. Nilitumia la Katangi. Nta ilinisumbua, kwa kuwa kutu haishiki juu ya nta, na ikabidi niikwangue kwa kisu behewa baada ya behewa. Rangi ya behewa la magadi ilivimba mahali patatu safari hii. Kishikio hakikuwa na muda wa kidole. Nilikisugua kwa kipande cha ngozi ya kiatu, na hakikuwa sawa na cha kwanza. Mimi niliona tofauti.

Jumapili karakana huwa imefungwa, yaani watu hawapo, maana hakuna cha kufunga. Tulikuwa mimi na mjomba. Mzee alikuja akiwa na tai. Alivuta gogo, akaketi, macho yake yakawa usawa wa reli, akaivuta injini kwa kidole kimoja. Kulabu zikakaza moja baada ya nyingine, sauti ndogo kama ya punje zikidondoka kwenye sahani. Akairudisha, akaivuta tena. Alikagua kila behewa. Kwenye kishikio alikaa muda, akaniangalia. Mwishowe alipitisha kidole chini ya mlango wa behewa la simiti na kukitazama. Kilikuwa cheupe.

"Inatoka," akasema.

"Ndiyo, mzee. Simiti hutoka."

Hapo akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani. Akamwambia mjomba, "Naichukua," akasimama kwenda kufungua nyuma ya pikapu.

Ndugu yangu alikuwa amefika wakati huo kwa bodaboda. Alikuwa na jozi ya magambuti mapya yaliyofungwa pamoja kwa uzi, akayaning'iniza kwenye usukani ili niyaone. Alikuwa amenitafutia pia mahali pa kulala, chumba cha watu watatu. Alimsalimu mjomba, akauliza kama niko tayari.

"Muulize mwenyewe," mjomba akasema, akaenda kutafuta kamba.

Ndugu yangu alinigeukia. Yeye tangu utotoni alinijibia: kwa mwalimu, kwa daktari, kwa wageni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akingoja.

"Mzee ameichukua," nikasema.

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo siendi."

"Hujui vile nilimbembeleza yule foreman," akasema. "Nilimwambia ndugu yangu ni mnyamavu lakini ana nguvu. Magambuti ni saizi yako. Nitampatia nani?"

Sikujua ampatie nani, nikamwambia hivyo. Alipiga teke jiwe. Kisha akatazama ule mlango wenye mlima juu yake, mara ya kwanza kwa macho ya kuuangalia kweli, akatazama na pikapu. Mzee hangeweza kubeba kwa goti lile, na mjomba alikuwa bado anatafuta kamba.

"Hii inabebwa na watu wawili," akasema, akakunja mikono ya shati lake la kanisani na kushika kona ya upande wa stesheni.

"Si hapo," nikamwambia. "Hapo utavunja miti. Shika chini ya mlima."

Akaondoa mkono, akashika chini ya mlima, tukainua.